Kabla ya Kupandisha Gari-Nyumba Ziwani: Mambo ya Kuzingatia Katika Misitu ya Taifa ya Marekani

Kambi nyingi za misitu ya taifa ya Marekani, hasa zile za kando ya maziwa ya milimani, hazina bomba la kuunganisha kwenye gari, hazina umeme wa kuchomeka, wala hazina mahali pa kumwaga maji taka. Utakachotumia umekipandisha mwenyewe, na uchafu wote utateremka nao. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu siku za likizo, hesabu lita.

Watu hukagua tangi la maji safi na kusahau lile linalopokea maji ya sinki na bafu, ambalo mara nyingi ni dogo zaidi. Tuseme watu wawili wanaojibana wanatumia lita 30 kwa siku. Tangi safi la lita 150 linawatosha siku tano. Lakini kama tangi la sinki na bafu ni la lita 100 na linapokea lita 25 kila siku, limejaa siku ya nne, na maji yenye mafuta ya sufuria yanaanza kupanda kupitia tundu la bafu, kwa kuwa ndilo lililo chini kuliko yote. Oshea vyombo kwenye beseni, kisha mimina maji yake chooni: unaliokoa tangi hilo, na tangi la choo linapata maji linayoyahitaji. Valvu ya tangi la choo ifungwe muda wote hadi siku ya kumwaga. Ukiiacha wazi, maji hutangulia na kinyesi hubaki kikigandamana chini ya tundu. Jaza maji safi kwenye kituo cha mwisho kabla ya mlima, ukikumbuka kwamba lita 150 ni kilo 150, na uzito huo uhesabiwe kwenye uwezo wa gari.

Umeme nao una mtego wake. Watu huogopa kuishiwa gesi, kumbe kwenye usiku wa baridi betri ndiyo hutangulia kufa. Feni ya hita ya gesi hula takriban ampea 7, na ikizunguka jumla ya saa nne usiku, imekula ampea-saa 28. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya akiba yako imekwisha kabla hujawasha taa. Betri ya lithiamu hustahimili kushushwa zaidi, ila isichajiwe ikiwa imepoa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, la sivyo itaharibika ndani. Usitegemee jenereta kwa nguvu iliyoandikwa ubavuni: kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban asilimia 3.5. Ya wati 2,000, ukiwa mita 2,700, itakupa kama 1,400. Kingʼora cha gesi ya kaboni monoksidi kijaribiwe nyumbani, na moshi wa jenereta usielekee kwenye dirisha la mtu yeyote.

Barabara ndiyo huwafanya wengi wageuze kabla ya kufika. Pima urefu wa gari pamoja na kifaa cha kuvutia na baiskeli zilizofungwa nyuma, na kimo hadi juu ya kiyoyozi. Kambi nyingi za zamani zilichongwa kwa magari mafupi. Pakua ramani ya Idara ya Misitu inayoonyesha njia zinazoruhusiwa magari, kisha pigia simu ofisi ya wilaya ya msitu, kwa sababu ramani haikuambii kama daraja limekatika au theluji bado imeziba geti, jambo la kawaida juu kabisa hata mwezi wa Juni. Uliza pia kuhusu moto, uhifadhi wa chakula dhidi ya dubu, na kikomo cha siku, ambacho sehemu nyingi ni 14.

Tairi za karavani huzeeka kabla kashata zake, yaani mpira unaokanyaga barabara, hazijaisha. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, namba ya utambulisho iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita, zibadilishe. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, na hakikisha wili spana inaingia kwenye nati zako na jeki inalibeba gari likiwa limepakiwa. Kwenye mteremko weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, si baada ya breki kunuka.

Kuni zinunuliwe karibu na kambi, maana wadudu waharibifu husafiri chini ya magome. Boti ioshwe, imwagwe maji yote na ikauke kabla ya kuingia ziwani. Palipo na kambi isiyo rasmi, kaa angalau mita 60 kutoka majini. Maji ya ziwa yachemke dakika moja, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Moto uzimwe kwa maji, ukorogwe, umwagiwe tena, mpaka jivu liguswe kwa mkono bila joto.

Mtandao usiutegemee. Mwachie mtu jina la kambi, namba ya gari, na saa ambayo, usipompigia, aitoe taarifa kwa sherifu wa kaunti.