Dawa ya kutoa klorini haileti mwani: badilisha maji ya tangi hivi

"Ami, hii dawa ya maji ndiyo imeniletea mwani?" Kijana mmoja wa Maweni aliniuliza hivyo, kioo cha tangi lake kimevaa utando wa kijani. Siyo dawa. Hatua nilizomwonyesha ni hizi, kwa yeyote anayefuga samaki kwa maji ya mfereji hapa Malindi.

Hatua ya 1. Pima maji. Wanaouza dawa za mabwawa ya kuogelea wana vijikaratasi vya kupimia klorini. Chukua vile vinavyoonyesha klorini huru (isiyoshikana na kitu) na klorini jumla (huru pamoja na iliyoshikana).

Hatua ya 2. Tia dawa ndooni, maji yakiwa bado hayajaingia tangini. Mimi natumia thiosulfeti ya sodiamu ya chengachenga, basi. Zile chupa za rangi zilizotiwa shubiri ni ghali, na mimea haina haja na shubiri. Yeyusha gramu 10 katika lita 1. Miligramu 1 ya klorini hutaka kama miligramu 7 za dawa. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 yenye klorini miligramu 0.5 kwa lita hutosheka na mililita 7 za mchanganyiko huo. Usikisie.

Hatua ya 3. Jua mwani wako unakula nini. Hapa ndipo watu wanapopotea. Thiosulfeti ni sodiamu, salfa na oksijeni. Haina naitrojeni wala fosforasi, kwa hiyo hairutubishi mwani. Lakini klorini jumla ikiizidi huru, huenda maji yana kloramini, yaani klorini iliyoshikana na amonia. Kuyalaza maji usiku kucha, jambo linaloondoa klorini huru, hakutoshi hapo. Dawa huvunja kloramini na kuiacha amonia, na pH (kipimo cha uasidi wa maji; juu ya 7 si asidi) ikiwa juu amonia hiyo ni sumu kwa samaki. Mimea huila, mwani nao huila. Tangi lililojaa mimea inayokua haraka, kama Vallisneria na Ceratophyllum, huimaliza upesi. Lenye Anubias mbili tatu, zinazokua polepole, huuachia mwani karamu.

Jambo jingine ni chuma. Baadhi ya dawa za chupa zina EDTA, kemikali ya kushika shaba na metali nyingine, na wengi huhofia kwamba inainyima mimea chuma. Tazama majani: likiwa changa ndilo la manjano na mishipa yake imebaki kijani, chuma kimepungua. Likiwa kuukuu, tafuta sababu kwingine. Maji yanayopita kwenye mawe ya matumbawe huwa magumu, pH yake juu ya 7, na humo EDTA hukiachia chuma, kikageuka kutu na kutuama chini. Nunua mbolea ya chuma kilichoshikwa na DTPA, kemikali ya namna hiyo hiyo, huvumilia pH ya juu zaidi.

Bado unaishuku dawa? Weka mitungi miwili ya kioo dirishani, mmoja una maji ya dawa, mwingine ya kulazwa, kila mmoja na kijiti cha Ceratophyllum. Yote miwili ikifanya kijani, dawa siyo chanzo; ushuku mwanga.

Hatua ya 4. Lihamishe tangi mbali na dirisha. Jua letu huwaka kwa muda wa kama saa 12 kila siku. Washa taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Ukwangue mwani wa kioo kwa kadi ngumu ya plastiki kwanza, ndipo ubadilishe robo ya maji, ili uchafu utoke nayo.