Kuchora Sura kwa Kompyuta kwa Njia ya Andy Warhol ya Mwaka 1985

Tarehe 23 Julai 1985, katika Lincoln Center jijini New York, msanii wa Marekani Andy Warhol aliketi mbele ya kompyuta mpya ya Amiga 1000 na, hadhira ikimtazama, akaitia rangi picha ya mwimbaji Debbie Harry iliyokuwa imenaswa papo hapo kwa kamera ya video. Njia hiyo nimeirudia mara nyingi kwa GIMP, programu isiyolipiwa ya kuhariri picha, na hakuna zoezi lililonifunza zaidi namna ya kuchagua rangi.

Hatua ya 1. Mpige picha mtu aliyesimama mbele ya ukuta mtupu, mwanga ukimjia kutoka upande mmoja, ili kivuli cha pua na cha kidevu kikolee.

Hatua ya 2. Ondoa rangi, kisha ikate na uipunguze picha hadi nukta (pikseli) 320 kwa 200, kipimo cha skrini ya Amiga, bila kuiruhusu programu ilainishe kingo.

Hatua ya 3. Punguza vivuli vya kijivu vibaki vinne au vitano. Katika kipimo hicho Amiga ilionyesha rangi 32 kwa pamoja, zilizochaguliwa kati ya 4,096, kwa hiyo jiwekee kikomo hichohicho.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua zana ya ndoo ya rangi, weka kiwango chake cha kuvumilia tofauti kuwa sifuri, kisha uimwage juu ya nywele, shavu na ukuta, sehemu moja baada ya nyingine. Rangi husambaa hadi ikutane na kivuli kingine, na mwanya wa nukta moja tu kwenye mstari wa taya unatosha kuivujisha rangi ya shavu hadi ukutani. Ikivuja, tengua, kuza picha mara nane, uzibe mwanya kwa kalamu ya nukta moja, halafu umwage tena.

Hatua ya 5. Ongeza mistari michache kwa kipanya, au nakili kipande na ukibandike kwingine, kama Warhol alivyompa Venus, mungu wa kike katika mchoro wa Botticelli, jicho la tatu.

Hatua ya 6. Hifadhi kwa muundo wa faili wa PNG, kwa kuwa JPEG huchafua kingo, na uweke nakala mahali pengine. Michoro ya Warhol ya Amiga ilikwama ndani ya diski kwa miongo kadhaa, katika muundo wa faili usiojulikana, hadi wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipoifungua, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2014.