Mtoto yuko kwenye poti, na Desemba mnakwenda Moshi kwa bibi

Kama bado hujaanza kumwachisha pampasi, usianze wiki ya safari. Kama ameshaanza, likizo iwe na lengo moja: asirudi nyuma sana. Mengine yasubiri Januari.

1. Beba poti yake ileile. Ukimnunulia mpya ya safari anaweza kuikataa katikati ya njia.

2. Tafuta kopo tupu la rangi la lita 4, lenye mfuniko, ulioshe vizuri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo kaptula zilizolowa zitiwe humo. Harufu haitoki.

3. Stendi ya mabasi ya Mbezi, Dar es Salaam, kabla ya kupanda, mpeleke chooni. Usimuulize kama amebanwa, atakataa. Mwambie, "Twende tukakojoe." Basi likisimama watu wachimbe dawa, shuka naye hata kama anasinzia. Akishasema "mama, kojo" una dakika moja tu, na konda hatafanya haraka kwa ajili yako. Mkisimama kula, mlishe yeye kwanza: tumbo huamka muda mfupi baada ya chakula, na unataka liamke basi likiwa bado limesimama.

4. Choo cha shimo. Hapa ndipo penye kazi. Mtoto aliyezoea poti akiona lile tundu anaamini atatumbukia, na usiku ndiyo kabisa. Usimlazimishe. Mkalishe kwenye poti yake mlangoni, kisha mmwage pamoja akiona vinakokwenda. Akizoea, simama nyuma yake, mshike mapaja, mgongo wake uegemee kwako. Akiogopa atabana siku mbili tatu, choo kiwe kigumu, kimuume, aogope zaidi. Mpe papai na maji. Usimpunguzie maji eti asikojoe njiani.

MASWALI

*Dada, nikimvalisha pampasi kwenye basi si nitamharibu?*
Hapana, mvalishe. Iite nguo ya basi. Kila mkisimama mvue, akae kwenye poti, na mkifika ivuliwe.

*Sisi tunapanda SGR kwenda Dodoma. Haya yote yanatuhusu?*
Nusu yake. Treni ina choo, humwombi konda. Ila mlio wa maji huwatisha watoto. Mtoe nje kwanza ndipo uvute.

*Mama mkwe humchapa akijikojolea. Nifanyeje?*
Mume wako ndiye aongee na mama yake, tena kwa simu kabla hamjaondoka. Wewe usilibebe hilo. Mtoto anayechapwa kwa mkojo haachi kujikojolea, anajificha nyuma ya nyumba. Halafu mpe bibi kazi: kila baada ya chai ya asubuhi, yeye ndiye ampeleke mjukuu kwenye poti. Mabibi wengi walikuwa wakiwakalisha watoto juu ya nyayo zao wajisaidie, kabla pampasi hazijafika madukani. Muombe akuonyeshe.