Kupanga muziki wa laivu wiki nzima kwenye baa yako, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwenye baa, mgahawa au hoteli ya kawaida ya Dar es Salaam, yenye viti 100 hadi 150, ambaye ameshaamua anataka muziki wa laivu ila hajui siku gani amweke nani. Hoteli za ufukweni Zanzibar zina hesabu nyingine, maana mgeni wa leo wiki ijayo hayupo. Huku kwetu mteja ni yuleyule wa mtaani, na akishakinai anahamia baa ya pili yake.

Nilianza upande wa jukwaani, nikipiga gitaa la besi, sasa niko upande wa kaunta. Wenye baa wengi humpenda msanii kwanza, kisha wakamtafutia siku. Mimi nasema anza na siku.

Hatua ya 1: Isome wiki yako kabla hujampigia mtu simu

Chukua risiti za wiki nne za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Kila risiti ina saa, kwa hiyo unaweza kujua Ijumaa watu wanaingia saa ngapi na mauzo yanaanguka saa ngapi. Kaa na wahudumu wako, hasa wale wa zamani: wao wanajua meza ipi huagiza chakula na ipi hukaa na soda moja usiku kucha.

Unatafuta jibu la swali moja kwa kila siku: je, watu hawaji kabisa, au wanakuja wakawahi kuondoka? Kama Ijumaa wanajaa saa 12 jioni wakitoka kazini, halafu saa 3 usiku viti vinabaki vitupu, unahitaji muziki wa kuwafanya wasahau saa. Ukileta bendi ya kuanza saa 4, itawapigia muziki wahudumu peke yao. Na kama Jumatatu hakuna mtu, iache. Wape wafanyakazi mapumziko, weka rumba ya taratibu kwenye spika, maisha yaendelee.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya chupa

Huu ni mfano tu, weka namba zako. Bendi inataka shilingi 600,000. Faida yako kwa bia moja, tuseme, ni shilingi 700. Gawa: unahitaji chupa 858 kuilipa bendi hiyo, tena juu ya zile ambazo ungeuza hata kama bendi isingekuja. Kwa ukumbi wa watu 120 ni zaidi ya chupa saba kwa kila kichwa, na kuna wanaokunywa maji.

Ndiyo maana bia peke yake hailipi bendi kubwa. Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kiingilio: watu 120 kwa shilingi 5,000 wanatoa hizo 600,000. Ya pili ni ule utaratibu wa siku nyingi wa mjini hapa, bendi inachukua mlangoni na baa inachukua vinywaji. Naupenda, kwa sababu bendi yenyewe inahangaika kuita watu. Ya tatu ni jiko: nyama choma, kuku na mishikaki huwa na faida nono kuliko chupa, na mtu anayesubiri nyama haondoki. Jiko likifungwa saa 3 usiku, usiweke bendi.

Hatua ya 3: Ipe kila siku kazi yake

Hapa ndipo pa kutulia.

Jumanne na Jumatano zina mshindani mkubwa, mpira wa Ulaya. Mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa huanza saa 4 usiku kwa saa zetu, na wenzetu wakirudisha saa nyuma kwa majira ya baridi huanza saa 5. Usishindane nazo. Weka mtu mmoja na gitaa, au wawili, gitaa na mwimbaji, kuanzia saa 1 hadi saa 3 na nusu. Apige taratibu, watu waweze kuongea, wale chakula cha jioni, kisha uwashe televisheni. Gharama ni ndogo na mteja wa mpira ameshakaa kitini tayari.

Alhamisi mimi huwapa watu wazima: zilipendwa. Wateja wa umri huu waliukulia muziki wa dansi. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, ilianza 1978 na jina la Mlimani Park lilitokana na baa ambamo ilikuwa ikipiga. Huna haja ya bendi nzima ya watu kumi na tano. Watu watano wanatosha: solo, rithimu, besi, tumba na sauti. Jambo moja tu usilibane: gitaa la solo. Zilipendwa zikipigwa na kinanda kinachoigiza gitaa, wazee wanajua kabla ya ubeti wa pili, na wiki inayofuata hawaji. Wateja hawa huja mapema, hula vizuri, na saa 5 wameshaaga.

Kama eneo lako linapenda taarab, Alhamisi hiyohiyo yaweza kuwa yake, kwa kupokezana wiki moja moja. Taarab ina mambo yake ya kupanga ukumbi. Wateja watataka kwenda mbele kumtunza mwimbaji, kwa hiyo acha njia pana kati ya meza na jukwaa, na kaunta iwe na chenji ya kutosha ya noti za 1,000 na 2,000. Mtu mwenye noti moja ya 10,000 hutunza mara moja akaketi. Ukimvunjia, atainuka mara tano, na kila akiinuka shoga yake naye anainuka. Kubalianeni mapema kuwa tuzo ni za msanii, baa isizisogelee.

Ijumaa ni bendi ya watu watano au sita, saa 2 hadi saa 6. Wachanganye rumba, kidogo Bongo Fleva, kidogo zouk. Sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, waiweke mwishoni mwa kila awamu. Mwambie kiongozi wa bendi apige dakika 45, apumzike 20. Mapumziko hayo usiyaone hasara: watu wakicheza hawaagizi, wakikaa ndiyo wanaita mhudumu. DJ aendeleze humo humo, kwa sauti ya chini kidogo.

Jumamosi fikiri mara mbili. Siku hiyo harusi na send-off zimewachukua wateja wako na wapigaji wazuri pia, na bei zinapanda. Tena bendi kubwa zina makao yake; kwa miaka mingi mtu wa Twanga Pepeta alijua Jumamosi ni Mango Garden, Kinondoni. Baa ndogo ikishindana hapo inaumia. Mimi Jumamosi huweka DJ, na bendi nikiipata huwa ni baada ya tarehe 23, mishahara ya serikali ikianza kuingia.

Jumapili ni bonanza. Anza saa 10 jioni, maliza saa 3 usiku bila ubishi, kesho kazi. Familia zinakuja, watoto wanakunywa soda, na jiko linauza kuliko siku yoyote. Nikilazimishwa kubaki na siku moja tu ya muziki wa laivu, nabaki na hii.

Hatua ya 4: Andikeni

Karatasi moja inatosha. Iandikwe tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya wapigaji, majina ya waimbaji wakuu (usije ukaletewa wasaidizi), nani analeta vyombo, nani analipa usafiri, malipo ni kiasi gani na yanatoka lini. Nusu mapema, nusu baada ya awamu ya mwisho, usiku uleule. Bendi inayozungushwa pesa yake huwa inakosa usafiri ghafla wiki ya tatu. Andika pia chakula na vinywaji vya wanamuziki: sahani moja kila mmoja, vinywaji viwili, kinachozidi wanalipa. Lisipoandikwa, hilo ndilo huleta ugomvi kuliko fedha yenyewe.

Hatua ya 5: Sauti, umeme, majirani

Spika ziangalie ndani, zisielekee barabarani wala kwa jirani. Besi ndiyo inayovuka ukuta, kwa hiyo fundi mitambo aipunguze hiyo kwanza kabla ya kugusa sauti za waimbaji. Ukumbi wa viti 120 hauhitaji spika za uwanjani. Simama mwenyewe kwenye geti la jirani saa 4 usiku usikilize. NEMC, baraza la mazingira, imeshafungia baa kwa makelele hapa mjini, na mara nyingi jambo huanzia kwa jirani aliyechoka.

Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, zile sekunde chache za katikati zinatosha kuzima mixer na kinanda. Nunua UPS, betri ya kushikilia umeme, ya vitu hivyo viwili. Vyombo vijaribiwe kabla ya saa 11 jioni, si wateja wakiwa wanakula.

Hatua ya 6: Vibali

Pitia BASATA kwa shughuli za burudani na COSOTA kuhusu hakimiliki ya muziki unaopigwa, kisha umuone afisa utamaduni wa halmashauri yako. Hakikisha saa za bendi hazizidi saa za leseni yako ya vileo. Nakala ziwe kaunta, siyo nyumbani kwa bosi.

Hatua ya 7: Shikilia miezi mitatu, kisha badilisha siku moja moja

Bandika ratiba ukutani na kwenye hali ya WhatsApp, kisha usiiguse. Mteja lazima afike mahali pa kusema "leo Alhamisi, twende kwa wazee" bila kukupigia simu kuuliza. Ukibadilisha kila wiki mbili, hafiki hapo. Baada ya miezi mitatu rudi kwenye risiti za EFD, linganisha na zile wiki nne za mwanzo, uondoe siku moja tu iliyo dhaifu kuliko zote.

Kuna vipindi ambavyo ratiba inasimama yenyewe. Ramadhani bendi nyingi hupumzika, nawe pumzisha ya kwako. Ila wiki ya mwisho kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama panga vunja jungu, na bendi ya Idi Mosi na Idi Pili uilipe nusu ya kwanza kabla Ramadhani haijaanza. Ukisubiri hadi kumi la mwisho, wote wameshachukuliwa, na watakaobaki watakutajia bei ya Idi.