Mzio wa Glavu za Lateksi: Namna ya Kuutambua na Kuudhibiti Kazini

Mhudumu wa afya anaposema kwamba glavu zinamkataa, huenda anazungumzia mojawapo ya hali tatu tofauti, na ni moja tu kati ya hizo inayoweza kuhatarisha maisha yake kwa muda mfupi. Kwa hiyo usiandike "mzio wa lateksi" (yaani mzio wa mpira wa asili unaotengenezea glavu) kwenye faili kabla hujazitenganisha.

Hatua ya kwanza: uliza muda. Kabla ya kuitazama ngozi, uliza dalili zilianza lini baada ya kuvaa glavu. Kuwashwa, mabaka yaliyovimba, chafya za mfululizo, macho mekundu au kifua kubana ndani ya dakika chache hadi saa moja huashiria mzio wa protini za utomvu wa mti wa mpira, na huo ndio mzio wa lateksi hasa. Vipele, pengine vyenye majimaji, vinavyojitokeza siku moja hadi tatu baadaye kwa kawaida hutokana na kemikali zinazoongezwa kiwandani ili kuimarisha mpira, hususan zile za jamii ya thiyuramu na kabameti. Ngozi kavu, iliyopasuka na inayochoma, ambayo mgonjwa hawezi kusema ilianza siku gani, mara nyingi si mzio hata kidogo, bali ni ngozi iliyochoshwa na sabuni, jasho na mazoea ya kuvaa glavu mikono ikiwa bado imelowa dawa ya kutakasa.

Hatua ya pili: kagua mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Vipele vya kemikali hukaa zaidi mgongoni mwa kiganja, ambako ngozi ni nyembamba, na mara nyingi hukoma ghafla juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale pindo la glavu linapoishia. Mabaka ya mzio wa protini hayana mpaka wa namna hiyo, kwani yanaweza kutokea hata usoni na shingoni.

Hatua ya tatu: chunguza historia. Uliza kama midomo iliwahi kuvimba baada ya kupuliza puto, au kama kondomu na matibabu ya meno yamewahi kumletea muwasho. Uliza pia kuhusu ndizi, parachichi, papai na kiwi, kwa kuwa baadhi ya protini zake hufanana na za lateksi. Waliofanyiwa upasuaji mara nyingi, hasa watoto waliozaliwa na mgongo wazi, wapewe uzito wa pekee.

Hatua ya nne: thibitisha. Mzio wa papo hapo hupimwa kwa damu au kwa kudunga ngozi kidogo, ingawa kipimo cha damu kisichoonyesha kitu hakitoshi kuufuta pale historia inapouelekeza. Mzio wa kemikali hupimwa kwa vibandiko vinavyokaa mgongoni siku mbili, kisha ngozi husomwa tena siku moja au mbili baadaye. Mgonjwa asijipime nyumbani kwa kuvaa glavu ili aone kitakachotokea.

Hatua ya tano: badilisha glavu kulingana na chanzo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba glavu za nitraili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, humaliza kila tatizo. Nitraili haina protini za lateksi, lakini nyingi hutengenezwa kwa kemikali zilezile, hivyo mwenye mzio wa kemikali anahitaji zile zilizotengenezwa bila hizo. Vinaili, yaani glavu za plastiki, inaweza kusaidia, ila hutoboka upesi na haifai kwa kazi ndefu yenye damu nyingi. Kwa mwenye mzio wa protini, kubadilisha glavu zake peke yake hakutoshi, kwa sababu unga unaotiwa ndani ya glavu za lateksi za wenzake ili zivalike kwa urahisi hubeba protini hizo hewani. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga za kitabibu mwaka 2017. Krimu za kukinga mikono zisitumiwe kama kisingizio cha kuendelea na lateksi.

Hatua ya sita: jiandae kwa dharura. Mtu akianza kukosa pumzi, kuvimba ulimi au kuzimia, ondoa lateksi yote, mlaze na kuinua miguu, au mwache aketi ikiwa anahema kwa shida. Mtu mzima achomwe adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na dozi irudiwe baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Haidrokotisoni (dawa ya kutuliza uvimbe) na dawa za mzio hazichukui nafasi ya adrenalini. Abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili zinaweza kurudi.

Baada ya hapo, andika mzio huo kwa herufi kubwa kwenye jalada la faili, na kabla ya upasuaji wowote wajulishe watu wa usingizi na wa chumba cha upasuaji mapema, ili wakague pia katheta (mirija ya kutolea mkojo), mipira ya kufungia mkono na mirija ya kipimo cha presha.