Kushinda Lacock kutwa nzima

Panda treni ya asubuhi pale Paddington, London, ushuke Chippenham. Hapo utapata basi la Lacock, kijiji cha kale cha Wiltshire, magharibi mwa London. Kabla ya yote angalia saa ya basi la mwisho la kurudi, maana vijijini Uingereza mabasi ni ya kuhesabu, na Jumapili ndiyo usiseme.

Kijiji chenyewe ni mitaa minne tu, basi usikimbie. Mimi huanza na kuta: mbao nyeusi zilizopinda kwa uzee, chokaa katikati, paa za mawe. Watu wanaishi humo, usichungulie madirishani.

Abasia, yaani makao ya zamani ya watawa, iliyoanzishwa mwaka 1232 ina kiingilio. Lipa. Humo ndimo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipopiga picha ya dirisha dogo mwaka 1835, na negativu yake (picha ambayo mwanga hutokea mweusi na giza jeupe) ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia. Aliandika kwamba kwa lenzi ya kukuzia ungeweza kuhesabu vioo vya dirisha hilo pichani, kama 200. Mimi nilijaribu kuvihesabu kwa macho, nikapotea.

Mchana kula baa, ukiagiza mwenyewe kaunta. Ukingoja mhudumu mezani utalala njaa. Kisha pita mashambani na viatu vya tope. Geti ulilokuta limefungwa, lifunge.