Nomino za kawaida na nomino za pekee: anza na jina la mtoto mwenyewe

Walimu wenzangu, somo hili msilianzie ubaoni. Mtoto wa miaka saba ukimpa maana ya nomino ya pekee ataikariri vizuri, na kesho yake ataandika "akinyi anaishi kisumu".

Hatua ya kwanza: simama mlangoni uite, "Mtoto, njoo!" Watatazamana, wengine wainuke. Ita tena, "Akinyi, njoo!" Anainuka mmoja. Waulize kwa nini. Mimi huwaacha wabishane hata dakika kumi, maana jibu wanalo wenyewe: "mtoto" ni sisi sote, "Akinyi" ni yule pale.

Hatua ya pili: tokeni nje. Kila kitu wakitaje mara mbili: ziwa, Victoria, jiji, Kisumu, soko, Kibuye, mto, Nyando. Jiwe halitapata jina la pili. Wacha walitafute mpaka wakubali kwamba halina.

Hatua ya tatu: sasa ndipo herufi kubwa inapoingia. Kata boksi kuukuu utengeneze kadi. Upande mmoja mtoto aandike "mbwa", upande wa pili "Simba". Hapa msiharakishe. Simba wa mbugani huandikwa kwa herufi ndogo, lakini Simba, mbwa wa jirani, ni kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo bata wa kufugwa na viatu vya Bata. Neno ni lilelile, kazi yake ndiyo imebadilika. Mtoto akiliona hilo, uso wake utakuambia.

Maswali

Mwalimu, Ahero: Wanafunzi wangu huandika "Mbuta" na "Omena" kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi. Nifanyeje?

Jibu: Wanaona ni majina maalumu, tofauti na "samaki". Waulize sokoni kuna mbuta wangapi. Wengi, na kila mmoja ni mbuta. Hilo ni jina la aina, kwa hiyo ni nomino ya kawaida.

Mzazi, Nakuru: Darasani kwa binti yangu kuna Wanjiru watatu. Si jina limekuwa la kawaida?

Jibu: Hapana, mama. Kila mmoja alipewa jina hilo kivyake alipozaliwa. Herufi kubwa inabaki.

Mzazi, Kakamega: Na Jumatatu? Na Machi?

Jibu: Herufi kubwa, ila "siku" na "mwezi" ni ndogo. Lugha nazo ni hivyo hivyo: Kiswahili, Kiluhya, Kijaluo.